Mshale Kati ya Mistari Miwili

Mimi ndiye ninayehesabu. Nakaa kwenye kigoda mbele ya kioo kikubwa, na nyuma ya kioo kuna mshale mweusi, mwembamba kama kijiti cha ufagio. Juu ya mshale umechorwa mstari mwekundu, na chini yake mstari mwekundu mwingine. Mshale ukiingia kati ya mistari hiyo, naanza kuhesabu kwa mdomo. Ukitoka, naacha. Ukirudi, naanza upya. Siku nitakayofika elfu bila mshale kutoka, Nyumba ya Kungoja itafunguliwa, na dada yangu Kalunde atatoka.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, lakini lilichukuliwa siku ile ile walipochukuliwa watu, likawekwa ndani pamoja nao mpaka mshale utulie. Mgeni akiuliza amefika wapi, tunamwambia amefika hapa.

Siku ile tunaiita Msukumo. Kila mtu anaisimulia kivyake. Bi Mwavita, anayepika uji nje ya ua wetu, anasema palikuwa na kishindo, vyungu vyake vitatu vikapasuka. Mzee Kapufi, anayekaa nami akishika usukani wa mshale, anasema hapakuwa na kishindo chochote, bali sauti moja tu kwenye spika ikitangaza kwamba aliyekuwa anatuongoza haongozi tena. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka mwalimu akiandika hesabu ya kugawanya ubaoni, chaki ikakatika, naye akabaki akitazama kipande kilichobaki mkononi kana kwamba ndicho jibu. Kugawanya sikujifunza tena.

Mshale uliruka siku hiyo, ukagonga kioo juu, ukaanguka ukagonga chini, ukawa unapanda na kushuka kama mtu asiyejua aende kwa nani. Wakubwa walikuja wakautazama. Wakasema waliokuwa barabarani saa ile wametikisika, na mtu aliyetikisika hafai kutembea kati ya wenzake. Kalunde alikuwa barabarani na debe la mahindi kichwani, anakwenda mashineni kusaga. Hakuna aliyetamka neno kufungwa. Walisema, "Wangoje kidogo tu, mpaka utulie." Nani angekataa? Mshale ulikuwa unaonekana kwa macho ukitikisika. Baadaye ndipo nilipojiuliza kama kitu kinaweza kuwa kweli kwa macho na bado kikawa uongo. Sijapata jibu. Nina elimu ndogo na kioo kikubwa.

Juu ya ukuta wa ua kuna pembe ya bati, mdomo wake mpana kama ungo. Pembe ile inasikia mji mzima: wanaotwanga, wanaogombana, mbuzi, watoto, nyundo. Sauti zote zinaingia kwenye ampli, sanduku la chuma lenye joto kama tumbo la mnyama, zinakuzwa, na ndizo zinazousukuma mshale. Kelele zikizidi, mshale unapita mstari wa juu. Zikipungua mno, unaanguka chini ya mstari wa chini. Kapufi akizungusha usukani kulia, mshale unashuka. Akizungusha kushoto, unapanda. Lakini haufanyi hivyo papo hapo. Waya wa usukani unazunguka mji wote kabla ya kuufikia mshale, kwa hiyo anachokifanya Kapufi sasa kinafika baada ya pumzi tisa.

Walitafuta mtu wa kuhesabu ambaye sauti yake haiusukumi mshale. Walijaribu watu kumi na mmoja. Kila aliyesema "moja" mshale ulistuka. Mwalimu akasema, kuna mtoto darasani kwangu, hata nikimkaripia aongeze sauti simsikii. Ndivyo nilivyopata kazi. Kwa miaka mingi aibu yangu ilikuwa inanifukuza mbele za watu. Hapa ikanipatia kiti.

Sheria ni moja: katikati ya hesabu nisiseme neno lolote lisilo namba. Nikisema, hesabu inakufa.

Na kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye sheria, nililigundua mwenyewe. Ndani ya Nyumba ya Kungoja hakuna saa isipokuwa hesabu yangu. Nikisema "moja," wote waliomo wanarudi siku ile ya kwanza, na vumbi la barabarani likiwa bado miguuni. Namba zikipanda, wanaanza kukumbuka kidogo kidogo. Kwenye ishirini wanajua wako ndani. Kwenye mia tatu wanaacha kuuliza mlango uko wapi. Kwenye mia sita wanaanza kuhisi kwamba wamengoja zaidi ya asubuhi moja. Mshale ukitoka, wanabaki na kile walichokikumbuka, mpaka utakaporudi na mimi niseme tena moja.

Karibu na kigoda changu, chini ya pembe, kuna tundu kwenye ukuta wa Nyumba ya Kungoja, dogo kama kifuniko cha chupa. Kupitia hapo Kalunde huzungumza nami mshale unapokuwa nje.

"We dada," huniambia, "shule imeshatoka? Nina mdogo wangu pale, mwembamba, hasemi. Ukimwona mwambie nimechelewa kidogo mashineni."

Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa. Bado ana kumi na tisa. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja, na sasa nimempita. Mara moja nilimwambia, "Mdogo wako ni mimi." Akacheka mpaka akapaliwa.

"Acha utani, dada. Nyamizi wangu ananifika kwapani."

*

Nimeutazama mshale kiasi kwamba nikifumba macho naendelea kuuona. Nimejifunza kwamba utulivu haujulikani unapofika. Mshale ukiingia kati ya mistari, huwezi kujua kama umeingia kukaa au unapita tu kwenda upande wa pili. Utajua baadaye, ukigeuka na kusema: kumbe pale ndipo ulipotulia. Hakuna mtu aliyewahi kuishi katika saa ya kutulia akijua kwamba ndiyo. Basi sisi tunaongojea saa hiyo tunangojea kitu gani?

Na mistari. Nani aliichora pale? Kwa nini karibu vile, si mbali kidogo? Kila mwaka huja Bwana Mkaguzi na kopo la rangi. Ni mtu mpole, anavua viatu mlangoni. Anasema mistari imefifia, anaipaka upya, na brashi yake ni pana. Mstari wa juu unanenepa kuelekea chini, mstari wa chini unanenepa kuelekea juu. Mwaka nilioanza kazi, kiganja changu kiliingia kati yao. Sasa vinaingia vidole viwili. Nilimwambia mara moja, kwa sauti yangu hii. Akainama akasema, "Umesemaje, binti?" Nikasema hakuna kitu.

*

Ilikuwa imeshapita miaka mingi nikimtazama Kapufi kabla sijaona kosa lake. Mshale ukipanda, anazungusha kulia. Haushuki, maana pumzi tisa bado. Anaogopa, anaongeza. Anaongeza tena. Kisha zote zinafika pamoja na mshale unaanguka kama jiwe. Anazungusha kushoto. Hauamki. Anaongeza. Tangu Msukumo, Kapufi alikuwa anapigana na mikono yake mwenyewe ya pumzi tisa zilizopita, akidhani ni mji.

Nilifanya mazoezi ya sentensi yangu siku nne, ndipo nikamwambia.

"Babu Kapufi, umewahi kubeba ndoo ya maji kichwani?"

"Mimi? Nina wake wawili, nibebe ndoo ya nini?"

"Maji yakianza kucheza kwenye ndoo, ukiyafuata kwa shingo yanazidi. Yatakumwagikia yote."

"Kwa hiyo nikae nayatazama yanimwagikie?"

"Tunaweka matawi juu yake, babu. Matawi ya majani. Hayayazuii maji kucheza, yanayachosha tu. Na shingo inasogea kidogo, halafu inangoja."

Akaachia usukani akanigeukia. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema sentensi tatu zilizofuatana.

"Unataka nizungushe kidogo."

"Nusu ya unavyozungusha. Kisha ungoje pumzi tisa."

"Wakipita wakanikuta nimekaa, mikono kwenye mapaja, mshale uko juu, watasema Kapufi amelala kazini."

"Watasema."

"Wewe binti, miaka yote umekaa hapo kama kiazi kwenye gunia, kumbe kichwani una maneno."

Alijaribu. Alizungusha kidogo mno. Mshale ukaacha kuruka, lakini ukawa unatambaa kuelekea kwenye mistari kama konokono, na siku arobaini zilipita haujafika. Kumbe kuna njia mbili za kutofika: kufika kwa kasi ukapitiliza, na kufika taratibu mpaka maisha yakaisha. Njia iliyo katikati ni nyembamba kuliko mstari wa Bwana Mkaguzi. Tuliitafuta misimu miwili ya mvua. Tuliipata kwenye robo tatu ya mzunguko, pumzi tisa, robo, pumzi tisa, kisha kuachia. Mshale ukapanda, ukapita kidogo tu, ukarudi, ukakaa. Nilifika mia nane na kumi na mbili siku hiyo. Sikuwahi kufika huko.

Ni mji ulioharibu. Watu husikia hesabu yangu, ndogo kama mnong'ono, kwenye spika za mitaani, na hapa tuna desturi: namba ikipita mia saba, kila mtu ananyamaza kwa heshima. Kinu kinaachwa, mtoto anazibwa mdomo, mbuzi anafungwa mbali. Wanadhani wanausaidia mshale. Lakini mji mzima ukinyamaza kwa pamoja, ukimya huo nao ni msukumo. Mshale uliinama, ukainama, ukapita mstari wa chini. Ndipo Kalunde akasema kwenye tundu, taratibu kama mtu anayepapasa ukuta gizani:

"We dada. Nilikuwa na mdogo wangu. Ilikuwa zamani, au siyo? Jina lake lina..."

Mshale ukarudi. Nikasema moja.

*

Kapufi ndiye aliyetoka kuzungumza na watu, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Bi Mwavita alikuwa mbele yao na mwiko mkononi. Mumewe, fundi viatu, yumo ndani tangu siku ya kwanza.

"Ikipita mia saba msinyamaze," Kapufi akasema. "Endeleeni na kelele za kawaida."

"Za kawaida ni zipi?"

"Zile mnazopiga kila siku."

"Mimi kila siku namtukana huyu Sikitu wa jirani kwa kumwaga maji machafu mlangoni kwangu. Nimtukane?"

"Mtukane."

"Kwa kiasi kile kile?"

"Kile kile, Bi Mwavita. Usizidishe."

"Jamani," Sikitu akasema kutoka nyuma, "basi mimi niendelee kumwaga?"

Walicheka, lakini walijaribu kwa moyo. Ni vigumu kuliko unavyofikiri. Mtu akiambiwa aishi kawaida, anasahau alikuwa anaishije. Siku za kwanza walitwanga kama watu wanaoigiza kutwanga, na mshale ulijua. Ilibidi wachoke kwanza. Ilibidi waache kutumaini. Matumaini yana kelele yake, hata ukiyafumba mdomoni, na mshale unaisikia. Walipokata tamaa kabisa, hata wakasahau kwa nini walikatazwa kunyamaza, ndipo mji ukawa mji.

Asubuhi ile haikuwa na dalili yoyote. Kapufi alizungusha robo tatu, akangoja, akazungusha robo, akaachia. Mshale ukaingia. Nikaanza.

Moja.

Mia moja na tano. Huyu anayehesabu ni nani? Ninapotamka namba sipo. Nipo kati ya namba na namba tu, kipande kidogo, kisha natamka nyingine na kile kipande kinakwisha.

Mia nne. Bi Mwavita anamtukana Sikitu, kwa kiasi.

Mia saba. Kinu kinatwanga. Mia saba na moja. Kinatwanga.

Mia nane na kumi na tatu, na hapo sijawahi kusimama.

Kapufi ameweka mikono kwenye mapaja. Jasho linamtiririka shingoni naye halifuti. Mshale umesimama katikati, na nafasi ya vidole viwili ni kubwa kama uwanja. Mia tisa. Nafikiri nini nitamwambia akitoka. Nafikiri nitampokea debe lake. Mia tisa na ishirini. Kwa mara ya kwanza tangu Msukumo naruhusu fikra hiyo ikae, na mshale hausogei, maana sauti yangu ni ndogo hata ndani yangu.

Mia tisa na hamsini na mbili. Nasikia pumzi kwenye tundu.

Nilikuwa nimefikiria usukani, nimefikiria waya, nimefikiria mji wote hadi mbuzi. Hili sikulifikiria. Kwamba kwenye mia nane alikuwa ameanza kulitafuta jina langu, na kwamba mbele ya mia nane kuna mia tisa.

Mia tisa na sitini. Jicho lake liko kwenye tundu. Linanitazama mdomo unavyosema namba, linapanda hadi kwenye nyusi zangu, ambazo ni za mama yetu. Ningeweza kumwambia nyamaza. Ni neno moja. Lakini si namba.

Mia tisa na sabini. Nilitikisa kichwa kumzuia. Naye akanijua kwa kule kutikisa kichwa, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikikataa kila kitu nilipokuwa mdogo.

Mia tisa na sabini na...

"Nyamizi!"

Hakupiga yowe. Aliita kama mtu anavyomwita mtoto aje ale. Lakini pembe ilikuwa juu ya kichwa chake, na ampli ikalichukua jina langu, ikalikuza, likatoka kwenye spika zote za mji. Mshale ukapanda ukapita mstari mwekundu. Kapufi akafumba macho, kisha akashika usukani akazungusha robo tatu, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Tulikuwa na pumzi tisa, na kidogo zaidi.

"Ni wewe?"

"Abee, dada."

"Mbona umekuwa mtu mzima hivi?"

"Nimekua tu."

"Na nani amekusuka hizo nywele?"

"Najisuka mwenyewe."

"Inaonekana."

Tukacheka wote wawili, na mshale ukayumba.

"Mama je?"

"Mama alifariki."

"Umewahi kuniambia?"

"Mara mbili."

"Nililia?"

"Ulilia, dada."

"Basi leo sitalia. Tusipoteze muda."

Kapufi akasema bila kugeuka, "Binti. Umeingia." Mshale ulikuwa umerudi kati ya mistari, umekaa vizuri kuliko siku zote. Nilifunga mdomo. Nisiposema moja, Kalunde anabaki ananijua. Nisiposema moja, hakuna hesabu, na hakuna mlango.

"Nimefanya nini?" Kalunde akauliza. "Nimewaharibia?"

"Ilikuwa imebaki ishirini na kitu."

"Ukianza tena, nitakusahau."

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka pale pale."

Hakuwa mjinga dada yangu. Nilimsikia akiipiga hesabu ile mwenyewe, akafika mwisho wake. Pale pale atanikumbuka, na akinikumbuka ataniita, na hakuna namna ya kumwonya leo, maana onyo nalo atalisahau.

"Ziba hili tundu," akasema.

"Sauti yangu utaijua."

"Basi ahesabu mwingine."

"Walijaribu watu kumi na mmoja. Sauti zao zinausukuma."

"Nikumbushe nikuchukie," akasema. "Ningekuchukia nisingekuita." Nikajua anatania, nikajua pia hatanii.

Nje, mji ulikuwa umesimama. Kisha mwiko ukagonga lango.

"Nyamizi, mwanangu," ilikuwa sauti ya Bi Mwavita, na haikuwa na hasira. "Hesabu. Mume wangu naye yumo humo. Sisi hatuna tundu."

Nikamtazama Kapufi. Mikono yake ilikuwa kwenye mapaja, inangoja. Ndani ya tundu jicho la Kalunde lilikuwa wazi, halipepesi, linachukua kila kinachoweza kuchukuliwa.

"Sema tu," akaniambia. "Umekua vizuri. Sema."

Nikasema, "Moja."

Jicho likaondoka kwenye tundu. Nikasikia nyayo zikizunguka chumba, mikono ikipapasa kuta, kama kila mara. Kisha akarudi. Siku zote alikuwa ananiita dada. Leo aliutazama uso wangu wa mtu mzima, akashusha sauti kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani, hapa ni wapi?"

"Mbili," nikamjibu.